Wadudu chini ya ngozi: si mapepo, wala si gitaa

Kila ninapoandika kuhusu sonona, maswali ya wasomaji hurudi kwenye muziki. Mzazi mmoja anauliza kama rock ya huzuni, ile vijana wanayoiita emo, ndiyo inayomvuta mwanawe kwenye pombe. Mwingine ametaja wimbo kabisa: "Crawling" wa Linkin Park, kundi la California. Ameambiwa una mapepo, maana aliyeuimba alijitoa uhai.

Wimbo huo umo katika albamu ya Hybrid Theory ya Oktoba 2000, na ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2002. (Wajuzi watasema Linkin Park si emo halisi. Waendelee kubishana.) Mwimbaji, Chester Bennington, alieleza mwenyewe kuwa unahusu kushindwa kujitawala mbele ya pombe na dawa za kulevya. Alifariki Julai 20, 2017, akiwa na miaka 41, karibu miaka 17 baada ya albamu kutoka. Katika uhai wake alizungumza hadharani kuhusu kunyanyaswa kingono utotoni, kuhusu ulevi na kuhusu sonona. Mtu aliyesikia yote hayo kisha akaenda kumtafuta shetani kwenye gitaa hatafuti jibu, anatafuta wa kulaumu.

Hofu hii haikuanzia kwetu. Mwaka 2008 magazeti ya Uingereza yaliishupalia emo, na mashabiki wa kundi la My Chemical Romance wakaandamana London kulipinga gazeti la Daily Mail. Miaka miwili kabla ya hapo, jarida la kitabibu la BMJ lilikuwa limechapisha utafiti uliofuatilia vijana 1,258 wa Scotland. Waliojitambulisha na kundi la Goth, ndugu wa karibu wa emo, walikuwa wamejidhuru kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao. Wanaopenda kutisha watu huishia hapo. Hawaendelei hadi pale watafiti wanaposema huenda vijana ambao tayari wana maumivu ndio wanaovutiwa na kundi hilo. Idadi ya Goth wenyewe katika utafiti ilikuwa ndogo pia.

Kinachonishangaza zaidi ni jina la wimbo. Crawling ni kutambaa, na daktari yeyote aliyewahi kulaza mlevi aliyekatishwa pombe ghafla anaijua hali hiyo. Mgonjwa anajikuna mikono, anapangusa shuka, anaapa kuna wadudu wanatembea chini ya ngozi yake. Hutokea pia kwa watumiaji wa kokeini. Sidai kwamba Bennington alikusudia dalili hii, lakini dalili ipo na ina maelezo.

Ubongo una kemikali ya kutuliza, GABA, na ya kuchangamsha, glutameti. Zifikirie kama breki na mafuta ya daladala. Pombe hukanyaga breki na wakati huohuo hupunguza mafuta, ndiyo maana bia mbili hulegeza mabega. Ukinywa kila siku, ubongo hautulii na hali hiyo, unajirekebisha. Vipokezi vya GABA hupoteza usikivu na vile vya glutameti huongezeka, hadi mtu ahitaji chupa nne kupata kile alichopata kwa mbili. Sasa ondoa pombe ghafla. Breki imelegea, mafuta yamezidi, na hakuna tena kinachozuia. Ndani ya saa chache mikono inatetemeka, moyo unakimbia, jasho linatoka, usingizi hauji. Kati ya saa 6 na 48 mtu anaweza kuanguka kifafa. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne, baadhi huweweseka, huona wadudu na watu wasiokuwepo, joto la mwili hupanda, na wengine hufa. Vidonge vya Valiamu na jamaa zake hupitia njia hiyohiyo ya GABA, na kuviacha ghafla ni hatari vilevile.

Hapo ndipo kuzimua kunapoeleweka. Anayekunywa asubuhi ili mkono utulie hafuati starehe. Anarudisha breki kwa saa chache. Na wasiwasi anaousikia alfajiri, ambao yeye huuita mawazo, kwa sehemu ni pombe ya jana inayotoka. Ndiyo maana sonona na ulevi hushikana hivyo: kila kimoja hujifanya dawa ya mwenzake.

Sasa mpeleke mtu huyo kwa mganga anayemfungia chumbani siku saba bila pombe, akimtapisha kwa mitishamba. Siku ya pili anatupwa na kifafa. Mganga anasema pepo linatoka. Siku ya tatu anaona wadudu. Mganga anasema ni uchawi wa jirani, na bei inapanda. Huyo anaweza kuua mtu, na atalipwa kwa kazi hiyo. Arosto ya heroini, yaani mateso ya kuiacha ghafla, ni makali lakini mara chache huua yenyewe. Ya pombe huua. Anayezitibu zote kwa chupa moja ya dawa ya kienyeji hajui anachogusa.

Ya kufanya ni machache. Anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi asiache peke yake. Hospitalini hupewa diazepamu, yaani Valiamu, kwa kipimo kinachopunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1. Hospitali za Mirembe mkoani Dodoma, Muhimbili na Mathari Nairobi zina huduma za afya ya akili, na hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe ni mahali pazuri pa kuanzia. Methadoni, inayotolewa Muhimbili tangu 2011, ni ya heroini, si ya pombe, msiichanganye.

Kijana akionekana amekata tamaa, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Simu na nyimbo zake mwachie. Na mlevi aliyeacha juzi akianza kupangusa wadudu usiowaona, hiyo ni dharura: mpeleke hospitali usiku huohuo, maombi yafuate njiani.