Mashine ya kunolea ya jiwe la maji: mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha yako

Fundi seremala kijana anayetusikiliza kutoka wilaya ya Mufindi alitutumia ujumbe wa sauti. Alipeleka patasi tatu na kisu cha randa kwa fundi wa kuchomelea, vikanolewa kwa grenda. Vilirudi vinang'aa, lakini kwenye makali kulikuwa na rangi ya buluu. Siku ya pili, akiwa kwenye mlango wa mninga, makali yalijikunja kama bati. Sasa anataka kukopa kwenye kikundi chake anunue mashine ndogo ya kunolea ya jiwe la maji, ile ya bei nafuu aliyoiona kwenye simu. Anauliza: nikope, au nitajutia?

Swali hili si lake peke yake, ndiyo maana tumeamua kulijibu kwa maandishi ili mlisome kwa nafasi.

Kwanza, ile rangi ya buluu ni nini?

Chuma cha patasi hutengenezwa kwa moto. Hupashwa sana, hupozwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha hupashwa tena kidogo ili kisivunjike kama kioo. Ukikinoa kwa jiwe kavu linalozunguka kwa kasi, msuguano huleta joto jingi mahali pembamba kuliko pote, yaani kwenye makali. Chuma kikifika karibu nyuzi 300 za Selsiasi hugeuka buluu, na ugumu wake unakuwa umepungua. Kukichovya kwenye maji baada ya hapo hakurudishi kitu.

Habari njema ni kwamba patasi hizo si za kutupa. Mara nyingi sehemu iliyoungua ni milimita chache tu. Iondoe taratibu, bila joto, mpaka ufikie chuma kizima, kisha unoe upya.

Kwa nini jiwe la maji haliunguzi?

Sababu ni mbili: maji na mwendo. Mashine ya kawaida ya kunolea ya mezani, yenye jiwe la milimita 150, huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Mashine ya jiwe la maji huzunguka mara 90 hadi 120 tu, na sehemu ya chini ya jiwe hupita ndani ya kikarai cha maji. Ukipiga hesabu ya mwendo wa uso wa jiwe, ile ya kawaida hupita mita zaidi ya 1,300 kwa dakika, na ya maji hupita mita 70 hivi. Maji huondoa joto na chenga za chuma papo hapo, kwa hiyo unaweza kushika chombo karibu na makali bila kuungua.

Kampuni iliyozipa sifa mashine za aina hii ni Tormek ya Uswidi, iliyoanza mwaka 1973. Mashine zake ni ghali. Nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo zimefuata umbo hilo hilo: jiwe upande mmoja, gurudumu la ngozi la kumalizia makali upande wa pili, na fimbo ya chuma ya kuegemezea kishikio. Zinachotofautiana ni ubora wa vipuri, na hapo ndipo mnunuzi anapoumia.

Mambo sita ya kukagua

La kwanza ni umeme. Soma kibandiko cha mashine. Kwetu Tanzania, kama ilivyo Kenya, tunatumia volti 220 hadi 240. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa volti 110 au 120, na ukiichomeka moja kwa moja mota itaungua. Nyingi hutumia wati 100 hadi 200. Kama unategemea sola, kumbuka kwamba mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko ule ulioandikwa, kwa hiyo inveta iwe na nguvu ya ziada.

La pili ni muda wa kufanya kazi. Kwenye kibandiko hicho tafuta herufi S na namba. S1 maana yake mashine inaweza kufanya kazi mfululizo. S2 ikifuatiwa na dakika 30 maana yake baada ya nusu saa lazima izimwe ipoe. S2 si ubovu, ila usiipangie kazi ya kutwa nzima.

La tatu ni jiwe. Izungushe mashine, shika penseli bila kutikisika karibu kabisa na uso wa jiwe, kisha angalia nafasi iliyopo katikati. Ikipanuka na kujibana sana, jiwe si duara kamili. Kasoro ndogo hurekebishwa kwa kifaa chenye ncha ya almasi, lakini jiwe linaloyumba kushoto na kulia huonyesha mhimili uliopinda. Uliza pia kama jiwe la akiba linapatikana, na tundu lake lilingane na mhimili. Jiwe huisha. La milimita 250 hudumu kuliko la 200, lakini la 200 linamtosha fundi wa kijijini.

La nne ni mhimili. Zima mashine, shika jiwe kwa mikono miwili, ulitikise. Lisicheze. Mhimili uwe wa chuma kisichoshika kutu, kwani utaishi na maji siku zote.

La tano ni nguvu. Katika nyingi ya mashine hizi mota husukuma gurudumu la ndani kwa kugusana tu, bila meno. Bonyeza patasi kwenye jiwe kwa nguvu ya kawaida ya kunolea. Jiwe likisimama huku mota inaendelea kuunguruma, mashine hiyo itakuchosha.

La sita ni fimbo ya kuegemezea, na hili wengi hulisahau. Kama fimbo haiendi sambamba na uso wa jiwe, kila patasi utakayonoa itatoka imeenda upande. Ikaze, kisha pima nafasi kati ya fimbo na jiwe upande wa kushoto na wa kulia. Vipimo viwe sawa, na fimbo isilegee ukiiegemea.

Muuzaji akikataa usiiwashe wala kuikagua, ondoka. Ukiagiza kwa simu, kubaliana naye kabla ya kulipa kwamba utaikagua siku ya kuipokea na kuirudisha ikiwa na kasoro. Makubaliano hayo yawe kwenye ujumbe wa maandishi.

Je, inalipa?

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mashine ni shilingi 400,000, na kunolesha chombo kimoja ni shilingi 500. Ili fedha irudi, lazima inoe vyombo 800. Fundi mmoja mwenye vyombo vinne vya kunoa kwa wiki atahitaji wiki 200, yaani karibu miaka minne. Mafundi watano wakishirikiana, kila mmoja na vyombo vyake vinne, watamaliza kwa wiki 40. Weka bei halisi ya kwenu, na uongeze riba ya mkopo, kabla ya kuamua.

Kwa hiyo jibu letu kwa ndugu yetu wa Mufindi ni hili: usikope peke yako. Kaa na mafundi wenzako. Mkiwa watano, au kama majirani watakulipa kwa kunolewa vyombo vyao, nunueni. La sivyo, anza na kinoo chenye pande mbili, upande mkwaruzo na upande laini. Njia nyingine ni kipande cha kioo kinene kilichobandikwa msasa wa maji, ukianza na namba 220, kisha 400, 1000 na kumalizia 2000. Makali ya mwisho yatakuwa mazuri vilevile. Mashine inakuokolea muda tu, hasa makali yanapokuwa yamemeguka au yameungua.

Ukishainunua

Mimina maji na usubiri, maana jiwe kavu hunywa maji mengi mwanzoni. Ongeza mpaka kiwango kisimame. Nyoosha kwanza mgongo wa patasi uwe bapa. Kisha noa mteremko wa makali kwa nyuzi 25, au 30 kwa mbao ngumu kama mkongo. Huna kipimo? Tumia unene. Kwa nyuzi 30, urefu wa mteremko ni mara mbili ya unene wa patasi. Kwa nyuzi 25 ni mara mbili na theluthi hivi. Patasi ya unene wa milimita 4 itakuwa na mteremko wa milimita 8 au karibu 9 na nusu.

Noa mpaka usikie kwa kidole ukingo mwembamba wa chuma umejikunja upande wa mgongoni, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa makali. Ukingo huo uondoe kwenye gurudumu la ngozi. Hapo jiwe na ngozi ni tofauti: kwenye ngozi, gurudumu lizunguke likiyaacha makali nyuma, kamwe lisiyakabili, la sivyo patasi itazama kwenye ngozi na inaweza kurushwa.

Ukimaliza, shusha kikarai na umwage maji. Jiwe likilala nusu majini, upande mmoja unakuwa mzito na kesho litayumba. Futa vyombo, vipake mafuta kidogo. Usiguse soketi ukiwa na mikono yenye maji, na waya upite mbali na mahali yanapodondokea.

Baada ya hapo jaribu makali kwenye kipande cha ubao, upande wa kichwa, ambako nyuzi za mti zimekatwa. Patasi iliyonoka vizuri huacha uso laini unaong'aa. Ikichana au ikiponda, rudi kwenye jiwe.