Taa ya Zebaki Haigeuki Leza

Kila nikitaja urujuanimno wa ombwe, yaani nuru ya chini ya nanomita 200, swali huwa lilelile: taa ya zebaki ya kuulia vijidudu si inatoa nanomita 185? Leza na tanuri la mvuke wa metali ni vya nini? Weka taa, weka chujio, kazi imekwisha.

Haijaanza. Ndani ya taa kila atomu hurusha nuru kwa wakati wake na upande wake. Chujio halipangi mawimbi. Linatupa tu yasiyotakiwa. Ukitupa hadi yabaki yanayokwenda kwa mpangilio mmoja, utabaki na giza. Hata uso wa jua, wenye joto la kelvini 5,800 hivi, katika nanomita 148 hautoi hata fotoni moja kwa kila nafasi milioni kumi za wimbi, yaani namna tofauti ambazo wimbi linaweza kusafiri. Taa kubwa zaidi haiponyi: huongeza fotoni na kuongeza nafasi vilevile. Wati haziwezi kununua mpangilio. Naomba swali hili tulizike.

Wengine hutaja fuwele, kama ile inayotoa leza ya kijani. Swali hilo lina akili. Lakini fuwele ya BBO, kipenzi cha maabara, huanza kuimeza nuru karibu na nanomita 190. Ndipo mvuke wa metali unapohitajika. Hauunganishi fotoni mbili kama fuwele, kwani atomu zake hazielekei upande wowote. Huunganisha tatu kuwa moja. Tendo hilo ni dhaifu mno, mpaka fotoni mbili za kwanza kwa pamoja zilingane na ngazi ya nishati ya atomu. Hodgson, Sorokin na Wynne walilionyesha mwaka 1974 kwa mvuke wa stronti.

Basi chagua metali kwa nuru unayoitaka. Kwa kusisimua haidrojeni, nanomita 121.6: zebaki, na leza za 254, 408 na 545. Kwa kusisimua kiini cha thoriamu-229, nanomita 148: kadimiamu, fotoni mbili za 375 na moja ya 710. Dirisha liwe la floridi ya magnesi, kwani kioo cha kawaida hakipitishi. Ondoa hewa njia nzima, maana oksijeni huimeza nuru hii. Weka heliamu au argoni kwenye ncha za bomba la mvuke, mvuke usichafue madirisha. Zebaki na kadimiamu zote ni sumu: usiwashe tanuri kabla hujahakikisha kwamba halivuji.