Je, Wajua? Vita Hunoa Wepesi, Hupunguza Umakini

Mwanajeshi anaweza kurudi kutoka vitani akiwa mwepesi zaidi, lakini msahaulifu. Kati ya 2003 na 2005, watafiti nchini Marekani waliwapima wanajeshi 961 wa nchi hiyo: 654 walipelekwa Iraki, wengine hawakwenda. Waliotoka Iraki waliitikia ishara upesi kuliko wenzao. Hata hivyo, walipungukiwa uwezo wa kukaza fikra kwa muda mrefu, kujifunza maneno na kukumbuka michoro. Pia walikuwa na wasiwasi zaidi. Penye risasi, wepesi huokoa maisha. Darasani au kazini, umakini na kumbukumbu ndivyo vinavyohitajika. Ndugu yako akirudi kutoka vitani akawa anasahausahau, usimwite mzembe. Mshauri amwone daktari.