Gome Chungu, Mkojo Mtamu

Mwaka 1886 daktari Mjerumani, Josef von Mering, alimlisha mbwa unga mchungu uitwao florizini, kisha akaupima mkojo wake. Ulikuwa umejaa sukari. Kwa tabibu wa enzi hizo mkojo mtamu ulikuwa na jina moja tu, kisukari. Kumbe damu ya mnyama aliyepewa florizini haijai sukari hata kidogo, na unga ukishamtoka mwilini, mkojo nao hurudi kama ulivyokuwa. Sukari ilikuwa inavujia kwenye figo.

Unga huo hutoka kwenye magome ya mizizi ya mtufaha. Wanakemia wa Ulaya waliuchuja mwaka 1835 wakitafuta dawa ya homa, na fikra yao haitamshangaza yeyote aliyewahi kunyweshwa maji ya mwarobaini akiwa mtoto: kwinini ilitoka kwenye gome chungu, na hili nalo ni gome chungu. Homa haikusikia. Florizini ikabaki kabatini, ikitolewa mara mojamoja na watafiti waliotaka kujua figo hufanyaje kazi.

Kikemia, florizini ni molekuli ya glukosi iliyoshikana na mwenzake asiye sukari, na kiungo kati yao ni atomu moja ya oksijeni. Ndani ya atomu hiyo moja ndimo ilimolala hadithi nzima.

Lakini kwanza figo. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, na humo hupita kama gramu 180 za glukosi, pungufu ya ile robo kilo ya sukari tunayofungiwa dukani. Mwili hauko tayari kuimwaga mali hiyo. Kwenye vijimirija vya figo kuna vilango vya protini vinavyoirudisha glukosi kwenye damu, na kilango kikuu, kiitwacho SGLT2, peke yake hurudisha kama asilimia 90. Kina sharti lake: glukosi haipiti bila kushikana mkono na sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani.

Sharti hilo wengi wetu tumelitumia bila kulijua. Utumbo una kilango ndugu yake, SGLT1, na ndicho kinachofanya pakiti ya ORS iokoe mtoto anayeharisha. Mama anapokoroga vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi, sukari haiko pale kwa ajili ya utamu. Inaingia na sodiamu, na maji yanazifuata. Aliyependekeza kwamba glukosi na sodiamu husafiri pamoja ni Robert Crane, mwanabiokemia Mmarekani, mjini Prague mwaka 1960.

Florizini huhadaa vilango vyote viwili. Kilango huona glukosi, kinaipokea, halafu yule mwenzake anakwama na kuziba njia. Hapo ndipo iliposhindwa kuwa dawa: ikiziba kilango cha utumbo, mtu anaharisha. Na ikimezwa, haifiki mbali, kwa kuwa kimeng'enya cha utumbo huikata pale penye oksijeni. Kimeng'enya hicho ndicho laktasi, kinachomeng'enya sukari ya maziwa, kile kile ambacho watu wazima wengi wamepungukiwa, ndiyo maana glasi moja ya maziwa huwangurumia tumboni. Wataalamu hata jina wamekipa la pacha: laktasi-florizini haidrolasi.

Wanakemia walihangaika na kiungo hicho kwa miaka. Kampuni ya Tanabe ya Japani ilijaribu kukifunika ili kimeng'enya kisikione. Ufumbuzi uliodumu ulikuwa kuiondoa oksijeni kabisa na kuiunganisha glukosi na mwenzake kwa kaboni moja kwa moja. Kimeng'enya hakina meno ya kukata kiungo hicho. Upande wa pili wa molekuli ulichongwa upya ili ushike zaidi kilango cha figo na kukiacha cha utumbo. Ndivyo zilivyozaliwa dapagliflozini, kanagliflozini na empagliflozini, na ya kwanza kati ya hizo iliidhinishwa Ulaya mwaka 2012.

Wakati huo zilionekana dawa za kawaida tu. Mgonjwa wa kisukari alikojoa gramu 60 hadi 80 za sukari kwa siku, akapungua uzito kidogo na presha ikashuka kidogo. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Vigelegele vilikuja kwa njia ya pembeni. Tangu 2008, baada ya dawa nyingine ya kisukari kushukiwa kuumiza moyo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka kila dawa mpya ya ugonjwa huo ithibitishe kwamba haidhuru moyo. Empagliflozini ikapelekwa kwenye utafiti wa wagonjwa 7,020, lengo likiwa kuonyesha tu kwamba haina ubaya. Matokeo yalipotangazwa Stockholm Septemba 2015, vifo vya ugonjwa wa moyo na mishipa vilikuwa vimepungua kwa asilimia 38 ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kushuka kwa sukari pekee hakuwezi kueleza tofauti kubwa hivyo.

Sehemu ya maelezo, hasa kwa upande wa figo, inarudi kwenye sodiamu. SGLT2 kikizibwa, sodiamu nayo hubaki kwenye mkojo na kusafiri hadi mbele zaidi kwenye kijimirija, ambako kuna chembe zinazopima chumvi. Zikiona chumvi nyingi, huubana mshipa unaoleta damu kwenye chujio, na shinikizo ndani ya chujio hushuka. Kwa mgonjwa wa kisukari chujio hilo limekuwa likibamizwa kwa miaka, kama bomba lililofunguliwa hadi mwisho. Ndiyo maana majuma ya kwanza ya dawa kreatinini, kipimo cha damu cha utendaji wa figo, hupanda kidogo na daktari asiyeijua huogopa. Kumbe figo imepumzishwa.

Ushahidi wa figo ulifuata haraka. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa kanagliflozini kwa watu 4,401, uliosimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Mwaka uliofuata ukaja wa dapagliflozini, nao ukakatishwa kabla ya wakati. Ulikuwa na watu 4,304 wenye ugonjwa sugu wa figo, takriban theluthi moja yao hawakuwa na kisukari kabisa. Kati ya 2,152 waliopewa dawa, 197 walipatwa na balaa lililokuwa likihesabiwa, yaani figo kuporomoka au kifo cha figo au moyo. Upande wa vidonge vitupu, wenye idadi hiyo hiyo, walikuwa 312.

Si dawa isiyo na kasoro. Mkojo mtamu hulisha fangasi, na muwasho sehemu za siri ni lalamiko la kila siku kliniki. Wachache hupatwa na asidi ya ketoni kwenye damu huku sukari ikionekana ya kawaida, hatari ambayo hupita bila kushtukiwa. Kanagliflozini ilihusishwa mwaka 2017 na ongezeko la kukatwa vidole na miguu katika utafiti mkubwa. Na figo iliyokwisha kufa haifufuki kwa kidonge.

Kwa Afrika Mashariki hapo ndipo penye uzito. Figo zikishafika mwisho, kinachobaki ni mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa juma na saa nne kila mara, au upandikizaji, ambao hospitali ya Muhimbili nchini Tanzania iliufanya kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Shirika la Afya Duniani liliingiza kundi hili la dawa kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kidonge kimoja asubuhi ni mzigo mwepesi kuliko mashine, mradi ugonjwa ugunduliwe mapema, na hilo huhitaji mtu apimwe mkojo kabla miguu haijavimba.

Kipimo hicho ni kijiti chembamba chenye viraka vya karatasi. Mtaalamu wa maabara hukichovya kwenye kichupa, hungoja kidogo, kisha hulinganisha rangi. Kwa anayemeza vidonge hivi kiraka cha sukari hugeuka kutoka kijani-bluu hadi kahawia, karibu kila mara, hata kama sukari yake ya damu iko sawa kabisa. Asiyeambiwa kuhusu dawa huandika alama tatu za kujumlisha na kumwangalia mgonjwa kwa huruma.