Idi Katika Kilima cha Wimbledon

Mashindano ya tenisi ya Wimbledon, jijini London, yalianza mwaka 1877, na wanawake wakaruhusiwa kushindana humo mwaka 1884. Tangu hapo hadi mwaka 2022 hapakuwahi kutokea mwanamke wa Kiarabu aliyefika fainali. Na tangu mwaka 1968, ulipoanza mfumo wa sasa wa kuwachanganya wachezaji wa ridhaa na wa kulipwa, hapakuwa na mwanamke yeyote wa bara la Afrika aliyefika hapo. Ons Jabeur wa Tunisia ndiye aliyeufungua mlango huo. Ikasadifu kwamba siku ya fainali yake, Jumamosi tarehe 9 Julai 2022, ndiyo siku ambayo Waislamu wengi wa London walisherehekea Idi ya Kuchinja.

Nilikuwako London wakati huo, ingawa sikusafiri kwa ajili ya mchezo. Dada yangu alikuwa amejifungua, nami nilitoka Mombasa kwenda kumtazama katika arobaini yake. Bintiye wa kwanza, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa na miaka mitatu akijifunza tenisi katika viwanja vya umma karibu na nyumbani kwao, na wiki zile nyumba nzima ilikuwa na mazungumzo mamoja. Kila simu iliyotoka Mombasa, bibi yake aliuliza: mtoto sasa anakuwa mwari, raketi ataiweka lini? Baba alinyamaza. Mama alisema watoto wa Kiislamu wa mtaa ule wengi huacha michezo katika umri huo, na hakutaka wa kwake awe kichekesho. Mtoto mwenyewe hakuulizwa, lakini aliyasikia yote.

Usiku wa kuamkia Idi dada yangu alinivuta kando. "Mchukue mwende mkamtazame huyo Mtunisia," akaniambia. "Mkirudi tutazungumza."

Foleni yenye adabu

Tuliswali Idi mapema, tukatia sambusa na kaimati katika mkebe, tukapanda treni hadi kituo cha Southfields. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu hadi bustani ya Wimbledon, ambako watu hupanga foleni ya kununua tiketi za siku ile ile. Foleni hiyo ilikuwa imerejea mwaka huo baada ya kusitishwa wakati wa ugonjwa wa korona. Kila anayefika hupewa kadi yenye nambari, na nambari hiyo ndiyo amana yake. Wako waliolala katika mahema tangu usiku, na wako waliokuja asubuhi kama sisi. Hakuna anayesukuma wala anayepenya.

Msomaji anayepanga kwenda ajue jambo moja. Katika siku nne za mwisho, tiketi za Uwanja Mkuu haziuzwi kwenye foleni. Anayepanga foleni siku ya fainali hupata tiketi ya kuingia viwanjani tu; hutembea, hutazama michezo ya viwanja vidogo, kisha huketi kwenye kilima cha nyasi na kuitazama fainali katika skrini kubwa iliyo ukutani mwa Uwanja Nambari Moja. Hiyo ndiyo tiketi tuliyoipata. Nilidhani mtoto atavunjika moyo, lakini tulipoingia alisimama kwenye uzio wa kiwanja kidogo kwa nusu saa bila kusema neno. Nyasi zake hukatwa hadi kimo cha milimita 8, sawa kama zulia, na wasichana waliokuwa wakicheza hapo walikuwa karibu nasi kiasi cha kusikia pumzi zao. Katika televisheni mpira wa tenisi huonekana mwepesi. Pale uliposikika ukigonga raketi, nilielewa kwa nini mtoto huyu hurudi nyumbani mikono ikimtetemeka.

Tulikula stroberi kwa malai, ambazo ni desturi ya mahali pale, kwa pauni 2 na nusu sahani moja. Ndani ya viwanja mna chumba cha utulivu kwa wanaotaka kuswali au kunyonyesha. Humo tukaswali adhuhuri, kisha tukapanda kilimani kutafuta mahali pa kuketi. Jua lilikuwa kali, jambo ambalo Waingereza walilalamikia nasi tukalishukuru.

Mtoto wa Samira

Kilimani tuliketi karibu na familia ya Kitunisia: mama, mabinti wawili na bendera moja iliyotandazwa magotini. Tukapeana mkono wa Idi, kaimati zikapita upande wao na tende zikapita upande wetu. Mpwa wangu, ambaye nyumbani huwa haba wa maneno, akaanza kunisomea habari za Jabeur kama anayesoma nasaba.

Alizaliwa mwaka 1994 katika mji wa Ksar Hellal, akakulia pwani ya Tunisia, karibu na Sousse. Mama yake, Samira, ndiye aliyempeleka kwenye tenisi akiwa na miaka 3. Klabu yao haikuwa na viwanja vyake, hivyo watoto wakifanya mazoezi katika viwanja vya mahoteli ya watalii. Alipofika miaka 12 alihamia Tunis kusoma katika shule ya michezo. Mwaka 2011 akashinda mashindano ya wasichana ya French Open, na Mei 2022 akatwaa taji la Madrid. Alipofika Wimbledon mwaka huo alikuwa ameorodheshwa wa pili duniani, na katika simu yake alikuwa ameweka picha ya kombe la Wimbledon ili alione kila siku.

"Alikuwa na miaka 12," mtoto akarudia. Sikujibu, kwa kuwa nilijua anayeambiwa si mimi.

Akanieleza pia nusu fainali ya Alhamisi, ambapo Jabeur alimshinda rafiki yake, Tatjana Maria wa Ujerumani, mama wa watoto wawili aliyekuwa na miaka 34 na ambaye kitinda mimba wake alikuwa hajafika hata miaka 2. Mchezo ulipokwisha, Jabeur hakusherehekea peke yake. Alimshika Maria mkono akamrudisha katikati ya uwanja ili watu wampigie makofi na yeye. Mama wa Kitunisia, aliyekuwa akisikiliza, akatikisa kichwa na kusema hilo ndilo lililomfanya aje.

Makofi kabla ya picha

Fainali ilianza saa nane mchana. Mpinzani alikuwa Elena Rybakina wa Kazakhstan, mwenye umri wa miaka 23 na kimo cha mita 1.84, ambaye mpira wake wa kuanzia hushuka kama unaotupwa kutoka ghorofani. Jabeur silaha yake ni nyingine. Huukata mpira ukazunguka, huupunguza kasi, kisha huudondosha nyuma tu ya wavu wakati mwenzake yuko mbali. Seti ya kwanza akaichukua 6-3, na mabinti wa Kitunisia wakasimama na bendera yao.

Kuna jambo la ajabu kilimani pale ambalo hakuna kamera inayoweza kulionyesha. Uwanja Mkuu uko hatua chache tu, lakini picha ya skrini huchelewa kidogo. Hivyo kelele za watu hufika masikioni kabla macho hayajaona kilichotokea. Unasikia makofi, na kwa nukta mbili hujui ni ya nani.

Seti ya pili Rybakina akashinda 6-2. Katika ya tatu alikuwa mbele kwa gemu 3 kwa 2, na hapo ndipo Jabeur akapata nafasi aliyoingoja: pointi tatu mfululizo, ambazo moja tu ingetosha kusawazisha. Mpwa wangu alinishika mkono. Makofi yakaja, tukangoja picha, haikuwa yake. Yakaja tena, haikuwa yake. Mara ya tatu vilevile. Rybakina akaokoa gemu ile, kisha akamaliza seti 6-2. Mchezo ulichukua saa moja na dakika 48. Bingwa mwenyewe hakuruka wala kupiga kelele. Alikwenda kwenye wavu kwa utulivu, kana kwamba amemaliza kazi ya nyumbani.

Binti mdogo wa Kitunisia alilia. Mama yake akaikunja bendera taratibu, pembe kwa pembe, akawaambia mabinti wote watatu, wa kwake na wangu: "Ameshinda kwa haki. Mpigieni makofi." Wakapiga.

Jabeur alipopewa kipaza sauti alikiri huzuni yake bila kuificha, akampongeza mwenzake, akasema anajaribu kuvihimiza vizazi vijavyo vya nchi yake na anatumai vinamsikia. Alicheka kidogo. Kisha akaondoka na sahani ya mshindi wa pili.

Jumapili, na msichana wa kwetu

Siku ya pili, tukiwa nyumbani tunagawa nyama, habari nyingine ikaingia kutoka viwanja vile vile. Angella Okutoyi wa Kenya, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa ametwaa taji la wasichana wawili wawili akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Waliwashinda Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada kwa seti 3-6, 6-4 na 11-9. Kabla yake hapakuwa na Mkenya aliyepata taji la ngazi hiyo katika tenisi. Okutoyi na pacha wake walifiwa na mama wakati wa kuzaliwa kwao; aliyewalea ni bibi yao, aliyekuwa mfanyakazi wa shule jijini Nairobi.

Dada yangu aliisoma habari hiyo mara mbili, mtoto mchanga begani, kisha akapiga simu Mombasa. Hakumwambia mama habari za kombe. Alimwambia: "Yule wa Tunisia alipelekwa na mamake. Huyu wa kwetu alilelewa na bibi yake." Upande wa pili kukawa kimya kirefu.

Mazungumzo yaliyofuata hayakuwa mepesi, na sipendi kuyapamba. Mama aliuliza kuhusu mavazi, na alikuwa na haki ya kuuliza. Jabeur hachezi akiwa na hijabu, wala hatukwenda Wimbledon kutafuta mwalimu wa stara. Lakini mlango wa mavazi si mwembamba kama tulivyodhani. Tangu mwaka 2019 kanuni za mashindano ya wanawake wa kulipwa zimeeleza wazi kwamba mchezaji anaweza kuvaa suruali ndefu ya kubana bila sketi, na hakuna amzuiaye kuongeza vazi la staha juu yake. Wimbledon wenyewe, wenye sharti la nyeupe tupu, waliregeza kamba mwaka 2023 na kuwaruhusu wanawake wavae kaptura ya ndani yenye rangi ya kukoza, ili binti asihofie siku zake akiwa uwanjani. Jambo hilo lilibadilika kwa sababu wanawake walilisema.

Kilichoamuliwa katika nyumba ile ni hiki: mtoto ataendelea. Atavaa mikono mirefu, suruali na mtandio wa michezo. Mazoezi hayatagongana na swala wala masomo. Na hataachwa aende peke yake. Baba, aliyenyamaza siku zote, alisema atampeleka yeye mwenyewe mara mbili kwa wiki na kungoja kwenye benchi. Sharti hilo la mwisho lilitoka kwa bibi, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa bora kuliko yote.

Mwaka uliofuata, Jabeur alirejea Wimbledon, akafika fainali tena, akashindwa tena, safari hii na Marketa Vondrousova wa Ucheki, 6-4, 6-4. Katikati yake alikuwa amepoteza pia fainali ya US Open. Fainali tatu kubwa, hakuna kombe hata moja. Miezi michache baada ya hapo, katika mashindano ya mwisho wa mwaka huko Cancun, Meksiko, alizungumza akilia baada ya ushindi, akasema sehemu ya pesa zake za zawadi ataitoa kuwasaidia Wapalestina. Mpwa wangu alinitumia habari hiyo kwa simu. Hakuandika chochote juu ya kombe.

Wako mabinti wengi katika miji yetu ya pwani, kutoka Vanga hadi Lamu, ambao hupenda kukimbia, kuogelea au kurusha mpira, na wanaoacha mwaka ule ule wanapoanza kukua. Mara nyingi hakuna aliyewakataza waziwazi. Wamesikia tu wakubwa wakiulizana wataacha lini. Kabla hatujalirudia swali hilo mbele ya mtoto, tungeketi naye tukamwuliza anataka nini, tukaweka masharti yetu ya dini na heshima mezani, kisha tukatafuta ni nani miongoni mwetu atakayeketi kwenye benchi akimngoja.