Kabla ya kutuma balbu za LED nyumbani

Wengi wetu wa Masisi na Walikale, Kongo, tulioko ng'ambo tunaendesha magari yenye miaka mingi, ambayo taa zake za mbele hutumia balbu za halojeni. Mwanga wake ni wa manjano, na madukani balbu za LED na zenoni zinauzwa bei rahisi. Watu wananunua, wanafunga wenyewe, kisha wanazituma hata Goma.

Shida iko ndani ya taa. Kile kioo kinachorudisha mwanga kimeundwa kwa waya mwembamba wa halojeni uliokaa mahali pamoja tu. Kwenye balbu ya halojeni aina ya H4, chini ya waya wa taa fupi kuna kikinga kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande machoni mwa anayekuja. Ukiweka LED, chanzo cha mwanga hubadilika umbo na mahali, na mwanga hutawanyika juu. Wewe unaona barabara imeng'aa. Mwenzako mbele yako amepofuka.

Ndiyo maana sheria ni kali. Huko Marekani, idara ya usalama barabarani, NHTSA, inashikilia kwamba taa ya halojeni iliyofungwa zenoni haitimizi kanuni ya shirikisho namba 108, na LED nazo hazijakubaliwa kuwa mbadala. Masanduku mengi huandikwa kwa herufi ndogo kwamba balbu si za barabara za umma. Soma kabla ya kulipa. Uingereza, tangu 2021, gari lililoanza kutumika Aprili 1986 au baadaye hushindwa ukaguzi wa MOT likikutwa taa zake za halojeni zimewekwa LED au zenoni. Ujerumani imelegeza kidogo: tangu 2020 balbu fulani za LED za Osram zimeidhinishwa, lakini kwa aina za magari zilizotajwa tu.

Nyumbani hali ni nzito zaidi. Kongo tunaendesha kulia, ila magari mengi ya Goma yametoka Japani, wanakoendesha kushoto. Taa zake fupi huinua mwanga upande wa kushoto, yaani usoni mwa anayekuja. Fikiria barabara ya Sake kwenda Masisi usiku, bila taa za barabarani: pikipiki, mama na mzigo mgongoni, kijana anayeteremka na chukudu ya viazi isiyo na taa yoyote. Kuongeza LED kwenye taa kama hiyo ni hatari kubwa, na ninaipinga kabisa.

Mara nyingi inatosha kung'arisha plastiki iliyofifia na kurekebisha urefu wa mwanga. Ikibidi kutuma kitu, tuma taa nzima kutoka Ubelgiji au Ufaransa, si Uingereza wanakoendesha kushoto. Tazama alama ya idhini, herufi E, kwenye kioo, na kama ina mshale. Taa yenye mshale mmoja unaoelekea kulia kwako unapoikabili ni ya nchi zinazoendesha kushoto: iache. Isiyo na mshale ndiyo ya kwetu. Ndugu, tumeni hiyo.