Reli yaonekana nzima, ndani ina ufa: Jinsi sauti inavyoufichua

Ukiitazama reli inayotumika kila siku, juu inang'aa kama kisu kilichonolewa. Utasema haina tatizo. Lakini ndani ya chuma hicho huenda kuna ufa mdogo unaokua kila treni inapopita, mpaka siku moja reli inakatika.

Ndiyo maana mashirika ya reli hukagua njia zao kwa altrasaundi, yaani kwa njia ileile anayopimwa mama mjamzito hospitalini.

Ufa unatoka wapi?

Gurudumu la treni hugusa reli kwenye eneo dogo sana, ukubwa wa sarafu tu. Tani kadhaa za uzito zinaegemea hapo. Rudia hilo mara maelfu kwa maelfu na chuma kinachoka. Nyufa nyingine huanzia kwenye matundu ya bolti, kwenye maungio ya kuchomelea, au kwenye kasoro iliyobaki ndani tangu reli ilipotengenezwa kiwandani.

Sauti inafanyaje kazi?

Kifaa hutuma mawimbi ya sauti ndani ya reli. Huwezi kuyasikia. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, wakati vifaa hivi kwa kawaida hutumia mitetemo milioni 2 hadi 5.

Ndani ya chuma, sauti hukimbia karibu kilomita 6 kwa sekunde. Inashuka mpaka chini ya reli, inagonga mwisho wa chuma na kurudi kama mwangwi. Kwa reli yenye kimo cha sentimita 17, safari hiyo ya kwenda na kurudi haifiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde.

Kukiwa na ufa njiani, mambo yanabadilika. Sauti inaugonga na kurudi mapema kuliko ilivyotarajiwa. Kompyuta inapima muda huo na kujua ufa uko kwenye kina gani. Wakati mwingine mwangwi wa chini haurudi kabisa. Hiyo nayo ni dalili kwamba kuna kitu kimeuzuia.

Kwa nini maji na pembe tofauti?

Hewa kidogo tu kati ya kifaa na reli inatosha kuizuia sauti isiingie. Kwa hiyo maji hunyunyiziwa juu ya reli, kama vile mjamzito anavyopakwa jeli tumboni.

Pia sauti haitumwi upande mmoja tu. Inayoshuka wima hunasa ufa uliolala. Ufa uliosimama wima unaweza kuikwepa hiyo, hivyo mawimbi mengine hutumwa yakiwa yameinama, hadi nyuzi 70.

Kazi hii hufanywa na fundi anayesukuma kitoroli kwa mwendo wa miguu, au na treni maalumu inayokagua ikiwa mwendoni. Treni ikishuku sehemu, mara nyingi fundi hutumwa kwenda kuipima tena kwa mkono.

Mahali sauti inaposhindwa

Altrasaundi si mwarobaini. Juu ya reli kukiwa na nyufa ndogo nyingi, sauti huishia hapo hapo na kurudi. Ufa mkubwa ulio chini yake unabaki umejificha. Kingo za nje za kitako cha reli nazo ni vigumu kuzifikia.

Na hata tatizo likijulikana, lazima mtu achukue hatua. Uingereza ilijifunza hilo kwa uchungu.

Tarehe 17 Oktoba 2000, treni iliyotoka London kwenda Leeds iliacha njia karibu na Hatfield ikiwa kwenye kasi ya kama kilomita 185 kwa saa. Kwa kulinganisha, treni ya umeme ya SGR nchini Tanzania hufikia kilomita 160. Watu 4 walikufa na zaidi ya 70 walijeruhiwa. Reli ilikuwa imevunjika vipande zaidi ya 300.

Uchunguzi ulikuta nyufa za uchovu zilizoanzia kwenye ukingo wa ndani wa kichwa cha reli, pale gurudumu linapobana kwenye kona. Kilichowaudhi wengi ni kwamba hali mbaya ya reli ile ilikuwa ikijulikana kabla ya ajali, na mpango wa kuibadilisha ulikuwepo. Haikubadilishwa kwa wakati, na treni hazikuamriwa kupunguza mwendo hapo.

Baada ya ajali, mamia ya sehemu za reli nchini humo ziliwekewa vikomo vya mwendo, na safari zikavurugika kwa miezi. Mwaka 2005 mahakama iliitoza kampuni ya matengenezo, Balfour Beatty, faini ya pauni milioni 10, ambayo baadaye ilipunguzwa kwenye rufaa hadi milioni 7.5. Network Rail, iliyochukua nafasi ya kampuni iliyokuwa ikimiliki njia, ilitozwa pauni milioni 3.5.

Kwa abiria, tofauti iko kwenye kinachofuata baada ya kifaa kulia. Ufa ukionekana, treni hupunguzwa mwendo au njia hufungwa, kisha kipande kibovu hukatwa na kuwekwa kipya. Hatua hizo zikicheleweshwa, kipimo kinabaki kuwa karatasi tu ofisini huku treni zikiendelea kupita.